Thika na Ruiru Zinahitaji Makamanda Wanaokaa

Mwaka 2024 kiti cha Inspekta Jenerali wa Polisi nchini Kenya kilikaliwa na watu watatu. Japhet Koome alijiuzulu Julai 12, wakati umma ukiwa umefura kwa hasira juu ya vifo vya vijana katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Douglas Kanja akakaimu. Agosti, Kanja alipopendekezwa rasmi na kusubiri kupigwa msasa na Bunge, Gilbert Masengeli naye akakaimu, na Septemba 19 Kanja akaapishwa. Yote hayo yalitokea ndani ya wiki 10 hivi. Katika wiki hizo hizo Masengeli alipatikana na hatia ya kuidharau mahakama na kuhukumiwa kifungo cha miezi 6, hukumu iliyoondolewa alipofika mbele ya jaji na kuomba radhi. Kabla mwaka haujaisha, Wizara ya Usalama wa Ndani nayo ikawa imepita mikononi mwa Kithure Kindiki, aliyekwenda kuwa Naibu Rais, na Musalia Mudavadi aliyeishikilia kwa muda, na Kipchumba Murkomen akawa ameteuliwa kuirithi.

Juu kukitikisika, chini hakutulii. Inspekta Jenerali mpya huwapanga upya makamanda wa maeneo na wa kaunti, kisha zamu huwafikia wa kaunti ndogo na wakuu wa vituo. Signali, yaani amri ya uhamisho, hutoka, afisa akapewa siku chache za kukabidhi ofisi. Tangu 2019 polisi wa Thika wameongozwa, miongoni mwa wengine, na Beatrice Kiraguri, Daniel Kitavi na Lawrence Muchangi; Ruiru imepita kwa Phineas Ringera na Alexander Shikondi, miongoni mwa wengine pia. Siwataji kwa lawama. Ninawataja kwa sababu mkazi wa Makongeni au wa Kimbo hana mahali popote pa kusoma ni lini kila mmoja alifika, alikuta nini mezani, aliahidi nini, aliondoka kwa sababu gani na alimwachia mrithi wake kazi zipi ambazo hazijakamilika. Makamanda hawa wamepita mbele ya wananchi kama sauti za kunukuliwa kwenye taarifa za habari baada ya ujambazi au ajali. Ninachodai katika makala hii ni vitu viwili vinavyokwenda pamoja: kamanda wa Thika na wa Ruiru wapewe muhula unaojulikana, na kila mwisho wa mwaka watoe hesabu ya hadharani kuhusu uongozi, maafisa na kesi za eneo lao.

Ingekuwa miji iliyotulia, hasara ya kubadilisha viongozi kila mara isingeonekana sana. Hii haijatulia. Sensa ya 2009 iliukuta mji wa Ruiru na watu 238,858; ile ya 2019 iliukuta na 490,120, ukawa wa nne kwa wingi wa watu nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru, mbele ya Eldoret na Kisumu. Katikati ya sensa hizo mbili barabara kuu ya Thika ilifunguliwa, Novemba 2012, na mashamba ya kahawa yakaendelea kukatwa ploti katika eneo lile lile ambako watafiti walitoa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985. Membley, Kwihota, Kimbo, Mwihoko na Githurai 45 zimejaa watu wanaotoka alfajiri kwenda kutafuta riziki Nairobi na kurudi usiku, wengi wao wasiomjua jirani wa ghorofa ya juu. Thika, iliyohesabiwa watu 251,407, ina viwanda, wanafunzi wa vyuo vikuu, mitaa ya Makongeni, mabanda ya Kiandutu, na upande wa mashariki mashamba ya Gatuanyaga na Ngoliba ambako kituo cha polisi ni safari. Ripoti za uhalifu za kitaifa huitaja Kiambu, kaunti ya miji hii miwili, mara kwa mara miongoni mwa kaunti zenye visa vingi vilivyoripotiwa, na hilo halipaswi kumshangaza yeyote aliyetazama namna watu walivyomiminika huku.

Kamanda hujifunza eneo kama hili kwa kukaa. Ramani haimwambii ni mzozo upi wa kampuni ya kununua mashamba ulio karibu kulipuka, ni steji gani ya matatu inayotozwa ada na genge, ni chifu gani anayeaminiwa na yupi anayeogopwa, wala ni baa gani inayouza pombe haramu huku ikilindwa na mtu mwenye cheo. Vilevile ramani haimpatii shahidi. Mama aliyejaziwa fomu ya P3 katika Hospitali ya Thika Level 5 baada ya bintiye kudhulumiwa hurudi kituoni mara ya pili na ya tatu kwa sababu kuna afisa anayemjua kwa jina na anayeijua faili yake. Afisa huyo akihamishwa, faili hubaki, lakini yale aliyoyajua yeye peke yake huondoka naye. Siku ya kesi katika Mahakama ya Thika ikifika, mpelelezi yuko kituo cha mbali, nauli haijatolewa, na kesi inaahirishwa. Baada ya kuahirishwa mara kadhaa, shahidi huchoka, na mshtakiwa hutoka huru bila ushahidi dhidi yake kupimwa. Madhara hayo hayaingii katika taarifa yoyote kuhusu uhamisho, kwa sababu kwenye karatasi uhamisho ni jambo la afisa na mwajiri wake tu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na ndivyo tunavyompokea kila kamanda mpya. Kwa wiki chache doria huongezeka, vikao vya baraza huitishwa, wauza pombe haramu husakwa, picha hupigwa. Halafu taratibu kila kitu hurudi kilipokuwa. Mgeni mwenyewe ameelewa kwamba hana hakika ya kuwapo mwaka ujao, kwa hiyo huchagua kazi zinazoonekana haraka, yaani misako na vizuizi vya barabarani. Kazi za polepole humpita: kusafisha ghala la vielelezo, kufufua kesi zilizolala, kumlea inspekta kijana hadi awe mpelelezi wa kutegemewa. Simlaumu. Nani hupanda mwembe katika shamba atakaloondolewa kabla ya msimu?

Kuna ushahidi wa nje ambao watunga sera wetu wangeufaidi. Katika jimbo la Rajasthan nchini India, wachumi waliowajumuisha Abhijit Banerjee na Esther Duflo, ambao baadaye walipata Tuzo ya Nobel ya uchumi ya 2019, walishirikiana na polisi kufanya jaribio katika vituo 162 vinavyohudumia watu karibu milioni 8. Walijaribu hatua kadhaa: kuwaleta wananchi kuwa waangalizi vituoni, kuwapa maafisa zamu zinazozunguka na siku ya mapumziko kila wiki, kuwapa mafunzo wakiwa kazini, na kusimamisha uhamisho kwa kipindi cha jaribio. Hatua za waangalizi na za zamu hazikuonyesha matokeo ya kutegemewa. Kusimamisha uhamisho na kutoa mafunzo kuliboresha kazi ya polisi na kuongeza kuridhika kwa wananchi, wakiwamo walioathiriwa na uhalifu. India ni mfano wa karibu kwetu kuliko inavyodhaniwa, maana polisi wake na wetu walijengwa na dola moja ya kikoloni, kwa mtindo mmoja wa kumfanya askari kuwa mgeni wa kudumu miongoni mwa anaowalinda. Na Mahakama ya Juu ya India, katika kesi ya Prakash Singh iliyoamuliwa Septemba 2006, iliagiza kwamba maafisa wa utendaji, hadi mkuu wa kituo, wapewe angalau miaka 2 katika nafasi zao. Majimbo mengi yamesuasua kulitekeleza agizo hilo, jambo linaloonyesha jinsi wanasiasa wanavyoipenda silaha ya uhamisho.

Katiba yetu ya 2010 ilikwisha kukubali hoja hii, ila kwa ngazi ya juu pekee. Kifungu cha 245 kinampa Inspekta Jenerali muhula mmoja wa miaka 4, usiorudiwa, ili asimtegemee mwanasiasa kwa kazi yake. Kati ya wanne wa mwanzo walioteuliwa chini ya Katiba hiyo, yaani David Kimaiyo, Joseph Boinnet, Hillary Mutyambai na Koome, ni Boinnet tu aliyefika mwisho wa muhula wake au karibu nao. Hata hivyo muhula upo, na kwa kuwa upo, anayeondoka mapema huulizwa sababu nchi nzima. Mkuu wa kituo cha Makongeni hana kinga hiyo na hana deni hilo. Akiondolewa mwezi wa tano tangu afike, hakuna anayepaswa kueleza. Kifungu cha 246 kinaikabidhi Tume ya Huduma ya Polisi kazi ya kuamua kupandishwa vyeo na uhamisho, lakini tumezoea kusikia amri hizo zikitoka makao makuu, na mwaka 2025 mvutano kati ya Tume na Inspekta Jenerali kuhusu nani huajiri ulifika hadi mahakamani. Wakuu wawili wanapogombania kalamu ya uhamisho, Thika na Ruiru hazina mtu wa kumuuliza.

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja yangu ni ufisadi, na ni pingamizi la watu makini. Afisa akikaa sana mahali, wanasema, huota mizizi: anawajua wenye matatu, wenye baa, wafanyabiashara wa dawa za kulevya, na hatimaye anakuwa mshirika wao. Kumhamisha ni kuikata mizizi hiyo. Uchunguzi wa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi umewaweka polisi kileleni mwa orodha ya hongo mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo hofu hii haikutungwa. Lakini tutazame tumepata nini. Tumehamisha kwa miongo mingi, na hongo bado iko barabarani. Ukusanyaji wa kitu kidogo hauishi kichwani mwa mtu mmoja. Ni mpango wenye viwango vyake, wapokezi wake na ngazi zake, na mgeni huukuta ukiendelea. Aliyekuwa akila Ruiru akipelekwa Kitale, tumeipa Kitale tatizo letu. Mbaya zaidi, afisa anayejua kwamba muda wake ni mfupi ana kila sababu ya kuvuna haraka. Ugonjwa wa ufisadi unatibiwa kwa uchunguzi na mashtaka, na kwa ukaguzi wa mali kama ule uliofanywa wakati wa msasa wa maafisa ulioanza 2013, ambapo taarifa za pesa za simu ziliwafanya wengine wakose maelezo. Muhula ninaoupendekeza una mwisho. Miaka 3 inatosha kulijua eneo na haitoshi kulimiliki, na anayeshukiwa aondolewe hata mwezi wa pili, mradi sababu iandikwe, na Tume ya Huduma ya Polisi iijibu.

Pia muhula usigeuke kuwa ngao. Usiku wa Juni 25, 2024, saa chache baada ya waandamanaji kuingia Bungeni, risasi zililia Githurai, pale Ruiru inapopakana na Nairobi. Wakazi walisimulia mauaji. Serikali ikapinga idadi zilizosambaa. Waandishi wa habari na watetezi wa haki wakabaki wakikusanya ushahidi kipande kwa kipande, na ubishi kuhusu idadi ya waliokufa ukaendelea kwa wiki nyingi. Siku 17 baadaye Koome akaondoka. Nchi ilichukua kujiuzulu kwake kama jibu. Ningependa tujiulize jibu hilo liliifikiaje familia ya Githurai. Kuondoka kwa bosi hakukueleza ni kikosi gani kilipelekwa, nani alitoa amri pale chini, risasi ngapi zilitolewa ghalani na ngapi zilirudi. Hayo hujulikana kwenye rekodi za kituo na za kikosi, na mtu wa kuyaeleza ni kamanda aliyekuwapo. Kila anapohamishwa, IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi, humfuata kwa barua, na shahidi wa ofisi hugeuka kuwa mtu wa kaunti nyingine. Yule anayetaka polisi wawajibike anapaswa kuwa wa kwanza kupinga uhamisho wa holela.

Upande wa pili wa hoja yangu ni hesabu ya mwaka, na hapa ninawafikiria maafisa wenyewe. Mafanikio yapo katika vituo hivi. Yupo anayekaa kwenye dawati la jinsia hadi mtoto apate ujasiri wa kusema, yupo anayeondoa majeruhi kwenye barabara kuu saa nane za usiku, na yupo anayefuatilia bodaboda iliyoibwa hadi impate mwenyewe. Umma hauwajui. Unachojua ni taarifa za kukamatwa kwa watu, zenye picha za washukiwa waliokaa chini na pingu, ilhali kukamata ni mwanzo tu wa kesi na kesi nyingi hufia mbele ya safari. Jopokazi lililoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, lililoteuliwa Desemba 2022 na kukabidhi ripoti Novemba 2023, lilieleza namna hongo na upendeleo zilivyoingia katika uajiri na upandishaji vyeo. Mahali ambapo kazi njema haiandikwi popote ambapo watu wanaweza kuisoma, upendeleo hupita bila kupingwa, kwa kuwa hakuna rekodi ya kumwonyesha kamishna kwamba aliyeachwa alistahili kuliko aliyechaguliwa. Huduma hii hii ya polisi inajua kuweka rekodi ikitaka. Timu ya soka ya wanawake ya Kenya Police Bullets, iliyotokana na Thika Queens ya hapa hapa, ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Wanawake msimu wa 2023/24, na kila mwenye haja anaweza kuambiwa walicheza na nani, nani alifunga, nani alijiunga na nani aliondoka. Msichana anayelinda lango la timu ya polisi ana rekodi iliyo wazi kuliko konstebo anayelinda Kiandutu usiku.

Hesabu hiyo ingekuwa na nini? Kamanda aliyeingia na aliyetoka, tarehe na sababu. Maafisa waliopandishwa vyeo, waliomaliza mafunzo, waliotunukiwa, pamoja na kazi iliyowapatia heshima hiyo. Waliochukuliwa hatua za nidhamu, kwa idadi. Visa vilivyoandikwa kwenye kitabu cha matukio kwa kila kituo, vilivyofika mahakamani, vilivyomalizika kwa hukumu, vilivyoondolewa na kwa nini. Watu waliofia au kujeruhiwa mikononi mwa polisi, na namba ya faili IPOA. Mafuta ya magari yaliyoombwa na yaliyotolewa. Ripoti za kitaifa zinazochapishwa sasa huiweka kaunti nzima katika mstari mmoja wa jedwali, na mstari huo hauwezi kumwambia mkazi wa Kwihota kama kituo chake kinaimarika au kinazorota.

Wapo watakaosema kwamba kuchapisha hayo ni kuwafundisha wahalifu. Hakuna hata kimoja nilichokitaja kinachofichua doria, mtoa habari au upelelezi unaoendelea. Majambazi wa Githurai wanajua tayari kwamba kituo kina gari moja bovu, na anayefichwa ni mlipa kodi. Wapo pia watakaohofia kwamba wabunge na wawakilishi wadi wataitumia hesabu hiyo kumsulubu kamanda asiyewatii. Hofu hii ninaiheshimu zaidi. Lakini leo mwanasiasa anayetaka kamanda aondoke hupiga simu, na simu haiachi alama. Akilazimika kubishana na takwimu zilizo mikononi mwa kila mtu, na kusubiri muhula unaolindwa na Tume, nguvu zake zinapungua. Kuhusu wanaodai kwamba tatizo ni pesa wala si uongozi, jopokazi la Maraga lilivitaja vyote, uongozi dhaifu, ufisadi na bajeti finyu, na sioni sababu ya kuchagua kimoja. Nyumba za maafisa wetu ni aibu na mishahara ilichelewa kurekebishwa. Hata hivyo kamanda anayekaa miaka 3 akichapisha kila mwaka kwamba aliomba mafuta ya miezi 12 akapewa ya 5 ana nafasi kubwa ya kuongezewa kuliko anayelalamika faraghani na kuhamishwa.

Haya yote hayahitaji sheria mpya. Katiba imeiacha kazi ya polisi kwa serikali ya kitaifa, lakini Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011 iliunda Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, inayoongozwa na gavana au mtu aliyemteua, ikiwa na wawakilishi wa polisi, wa idara ya upelelezi na wa ujasusi, wajumbe wawili wa bunge la kaunti, na wananchi kutoka kwa wafanyabiashara, vijana, wanawake, mashirika ya dini na watu wenye ulemavu. Miongoni mwa kazi zake ni kupendekeza vipaumbele na malengo ya polisi katika kaunti na kufuatilia utekelezaji wake. Katika kaunti nyingi chombo hiki kimebaki kwenye karatasi. Gavana Kimani Wamatangi anaweza kukiitisha Kiambu, kikaanza na Thika na Ruiru kwa kuwa ndiko wingi wa watu na wa malalamiko uliko, na makamanda wa kaunti ndogo hizo mbili wakafika na hesabu ya mwaka mmoja uliopita. Tume ya Huduma ya Polisi, ambayo Katiba tayari inaitaka itoe ripoti kwa Rais na Bunge kila mwaka, inaweza kuandika katika ripoti hiyo ni makamanda wangapi wa kaunti ndogo waliohamishwa kabla ya kutimiza mwaka, kituo kwa kituo, na nani alitia sahihi.